Jambazi Mwenye Adabu

Wiki iliyopita nilikuacha, msomaji, roho ikiwa mkononi, na najua wengine mmenilaani hadi leo. Nimesikia. Kama wewe ndiyo kwanza umeliazima gazeti hili kwa jirani, usijali. Nakukumbusha mara moja tu, kisha tunakimbia pamoja.

Tuko saluni, asubuhi, jua limeshachangamka. Majambazi watatu wa genge linalojiita Kamati wameingia na soksi za nailoni usoni. Mmoja ana bastola, wawili wana mapanga. Wateja wamelala kifudifudi sakafuni. Mwenye saluni, Msusi, ambaye mtaa mzima unamsifu kwa mikono myepesi, yuko chumba cha nyuma anafua taulo. Aliyebaki ameketi ni mtu mmoja tu: mama yake mzazi, aliyekuja bila taarifa kutengenezwa nywele. Kichwa chake kimejaa rola na kimo ndani ya draya inayonguruma, kwa hiyo hajasikia lolote.

Jambazi mmoja akamwendea. Akainua draya kwa mkono mmoja na panga kwa mkono wa pili. Mama akageuka, wakatazamana. Na jambazi, badala ya kusema "toa simu", akasema:

"Shikamoo, mama."

Hapo ndipo nilipokata. Sasa kaa vizuri.

"Marahaba, mwanangu," Mama akaitikia.

Aliitikia kabla hajafikiri, maana mdomo uliozoea kuitikia haungoji ruhusa. Saluni nzima ikapigwa na butwaa.

"Umesema nini wewe?" akauliza mwenye bastola. Huyu wenzake humwita Kipara, na soksi haikumsaidia kitu, kipara kiling'aa humo humo ndani.

"Nimemzuga tu," akajibu mwenye panga.

"Unamzuga mtu kwa kumwamkia?"

"Hata mimi nimesikia," akadakia mteja mmoja kutoka sakafuni, shavu limebanwa na vigae. "Ameamkia kabisa. Na goti kalikunja."

"Nani kakuuliza? Lala!"

Lakini mteja yule hakusema uongo. Goti lilikuwa limekunjwa. Na si goti tu, panga nalo lilikuwa limefichwa mgongoni, kama kijana aliyefumaniwa na sigara. Mama aliyaona yote hayo na moyo ukamlipuka. Duniani anamjua mwanamume mmoja tu anayemwamkia kwa kukunja goti na kuficha mikono nyuma. Ni mkwe wake, mume wa huyu huyu Msusi. Familia humwita Komando, kwa sababu ni msimamizi wa walinzi katika kampuni ya ulinzi na buti zake hung'aa hata siku ya kufua.

Mama hakupiga kelele. Alinyoosha mkono taratibu, akaivuta draya, akajifunika kichwa upya.

Nampa heshima zake. Mimi ningezimia.

Kamati wakazoa simu na mikoba, wakavunja vioo vya ukutani, wakatoka. Kipara alikuwa wa mwisho. Mlangoni aligeuka akamtazama Mama, akamtazama mwenzake mwenye adabu, akamtazama Mama tena. Kutazama huko ndiko kulikomtia Mama baridi.

Hebu tuingie kidogo ndani ya kichwa kile chenye rola. Mama amezaa mara moja tu, na mtoto mwenyewe ndiye huyu Msusi. Akisema alichokiona, mkwe ataozea jela na binti atabaki hana mume. Akinyamaza, Kipara atakuja kumnyamazisha vizuri zaidi, maana watu wa kazi ile hawapendi kutambuliwa. Maskini, alikuja kutengeneza nywele tu.

Msusi akatoka mbio chumba cha nyuma, povu la sabuni bado mikononi.

"Mama! Mama yangu! Umekuja saa ngapi? Nani kakwambia uje leo?"

"Kwani kuja kwa mwanangu naandikiwa barua?"

"Sikukuona! Wasichana hawakuniambia!" Akamkumbatia, akamlowesha mabega yote mawili. Alikuwa akitetemeka kweli kweli, na Mama akaona afadhali afe kuliko kumwambia mtoto huyu kwamba aliyeinua panga hulala naye kitanda kimoja.

Askari wakafika, kwa mwendo wao ule wa kuja mambo yakishapoa. Mkubwa wao akachuchumaa mbele ya Mama.

"Mama, umemtambua yeyote?"

"Afande, mimi kichwa changu kilikuwa kwenye draya."

"Jambazi mmoja amemwamkia," akasema yule mteja wa sakafuni. Mteja huyu hakujaliwa kifuli cha mdomo.

"Amefanya nini?"

"Amemwamkia. Shikamoo kabisa."

Askari wakatazamana, wakacheka, na hilo likaishia hapo. Mteja akasonya, akaendelea na mengine. "Lakini sasa watu waone aibu. Walivyokuwa wakinong'ona kwamba kila anayesukwa hapa anavunjiwa nyumba! Leo hata dada wa watu kaibiwa. Waseme tena!"

Wote wakamwonea Msusi huruma.

Alasiri ile familia ilikutana sebuleni kwa Msusi. Mama ameketi kwenye kochi, rola bado zimo kichwani chini ya kitambaa, kwa sababu nani angekumbuka kuzifungua? Aliyeongoza kikao alikuwa Mjomba, ndugu yake Mama, muuza magodoro. Mjomba haongei bila kusimama, na akisimama haketi.

"Jamani," akaanza, "dada yangu ndiye pekee aliyetazamana na jambazi uso kwa uso. Majambazi si wajinga. Watarudi kumtafuta. Kwa hiyo dada yangu anahitaji ulinzi. Na ulinzi, jamani, tunao humu humu ndani!"

Mlango ukafunguliwa. Komando akaingia.

Alikuwa amevaa sare ya kampuni, buti zinang'aa, skafu nzito shingoni. Akaona watu wote wamemgeukia. Akatoa tabasamu, akainamisha kichwa kwa Mama bila kutamka neno.

"Mkwe wangu," akasema Mama kwa upole, "leo huniamkii?"

Komando akashika koo. Akakohoa. Jasho jembamba likamtoka.

"Shhhkmm," akasema, kama mlango wenye kutu.

"Marahaba, baba. Pole na mafua. Yamekuanza lini?"

"Leo... asubuhi."

"Ndiyo. Asubuhi ya leo ilikuwa mbaya kwa wengi."

Msusi akamletea mumewe maji ya moto. Mjomba hakujali mafua ya mtu, akamshika Komando bega. "Kuanzia sasa mlango wa mama mkwe wako unaulinda wewe. Asitoke bila wewe, asiingie mtu bila wewe. Tumeelewana?"

Ndugu zangu, mmeshaona fisi akikabidhiwa bucha? Huyu alikabidhiwa na ufunguo.

"Asante, kaka," akasema Mama. "Sasa nitalala usingizi."

Mjomba akaondoka ameridhika. Msusi naye akachukua mkoba, akasema anakwenda saluni kuzoa vioo vilivyovunjika na kuwatuliza wasichana wake. Akambusu mama yake shavuni, akamwambia mumewe, "Nakuachia mama yangu. Usitoke naye, hata nani akuambie." Mlango ukafungwa.

Wakabaki wawili, mkwe na mkwe.

"Kaa," akasema Mama.

"Nimezoea kusimama, mama."

Mafua yalikuwa yamepona ghafla. Wote wawili wakaligundua jambo hilo, na Komando akaporomoka magotini hapo hapo kwenye zulia.

"Mama, nisamehe."

"Niondolee hiyo skafu, unanitia joto. Tangu lini?"

"Tangu kampuni iliponiachisha kazi."

"Na hii sare?"

"Sikuirudisha."

Mama akafunga macho. Alitamani kumzaba kofi, na alitamani kumlilia, na vyote viwili vilikuja kwa pamoja. Kijana huyu ndiye aliyembeba mgongoni alipovunjika mguu. Ndiye aliyemfungia bomba la maji bila kuombwa. Sasa anavaa soksi usoni na kutisha watu.

"Yaani unakuja kuniibia kwa mwanangu!"

"Sikujua kama upo, mama! Tulipewa picha nzima. Wateja wangapi, nani kakaa wapi. Hukuwemo. Nilipoinua draya nikaona ni wewe, mdomo ukaenda wenyewe."

"Angalau mama yako alikulea."

"Mama, sikiliza, muda hatuna." Akasogea kwa magoti. "Kipara ameshajua. Aliniuliza njia nzima yule mama ni nani. Na Kamati ina sheria moja haivunjwi. Anayemtambua mwanakamati hupelekwa kwa Mwenyekiti wetu, na akipelekwa harudi. Sheria kaiweka Mwenyekiti mwenyewe. Twende kituo cha mabasi sasa hivi. Uende kwa dada yako, ukae huko mpaka nikuite."

"Na mwanangu nimwache na nani?"

"Mwanao hana tatizo, mama."

"Hana tatizo? Mume jambazi, saluni imevunjwa, wewe unasema hana tatizo!"

Komando akatazama zulia.

Mama akamsogezea uso. Wanawake wa umri wake wakianza kuuliza, hata hakimu angekimbia. "Hebu niambie. Daktari wa meno na mkewe walisafiri kwa siri, mkaingia. Yule wa duka la simu mbwa wake kafa, kesho yake mkaingia. Mnajuaje? Nani anawaambia mambo ya ndani ya nyumba za watu?"

"Mama, niulize lingine lolote."

"Nimeuliza hilo."

"Hilo hapana." Machozi yakamshuka Komando, makubwa, ya kweli. "Nitakwenda polisi mwenyewe. Sasa hivi, na sare yangu hii. Nitasema yote ni mimi. Mimi ndiye kichwa, mimi ndiye miguu. Wanifunge. Ila usitafute kujua hilo, na kwa Mwenyekiti usifike. Nakuomba kwa jina la mke wangu."

Mama akamwangalia. Hasira ikaanza kumpungua bila ruhusa yake. Akaona ana mkwe mwizi mwenye moyo, na akawaza kwamba wapo wenye mikono safi wasio na moyo kabisa. Akaweka mkono juu ya kichwa cha kijana.

"Hutaenda polisi peke yako. Tutakwenda wote, na mkeo tutamwambia wote. Atalia, lakini..."

Honi ikalia nje.

Komando akakimbilia dirishani, akarudi magotini amepauka.

"Kipara."

"Nani kamwambia nipo hapa?"

"Anapajua hapa, mama."

"Jambazi anapajua nyumbani kwako, na mke wako anaishi humu!"

Kipara hakubisha hodi. Aliingia ameshika bastola ndani ya mfuko wa koti, uso wazi, ametoa tabasamu la mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akamtazama Komando aliyepiga magoti.

"Kumbe kazi ya ulinzi ina sala," akasema. "Bi mkubwa, Mwenyekiti anakusubiri."

"Mwenyekiti hajakutuma," Komando akasema kwa sauti ya chini. "Nina hakika hajakutuma."

"Sheria ndiyo iliyonituma."

Komando akasimama, akajiweka kati ya bastola na mama mkwe wake. Mikono hakuificha safari hii. Na hapo ndipo Mama aliposhtuka zaidi, kwa sababu aliona kijana yuko tayari kufa kweli, na akiwa amekufa, Msusi atakuwa mjane kabla ya jioni. Hilo hakukubali. Akapiga moyo konde.

"Subirini nijipulizie manukato," akasema.

"Nini?" Kipara akauliza.

"Naenda kuonana na Mwenyekiti. Niende nanuka dawa ya nywele?"

Akajipulizia shingoni na kwenye viganja. Akachukua mkoba. Akamnong'oneza Komando, "Nitamwomba huyo bwana akuachie. Nitamwambia mimi ni mzee, anichukue mimi, ampe mwanangu mume wake. Hata mwizi ana mama."

Komando alifungua mdomo kusema neno. Kipara akamsukuma mlangoni.

Safari yenyewe ilimtoa Kipara jasho. Mama alikaa mbele, akamwambia afunge mkanda. Akamwambia apunguze mwendo kwenye kivuko cha watoto wa shule. Alipopita taa nyekundu, Mama alimpiga kibao cha mkono, na jambazi lile, lenye bastola, likasema "samahani" kabla halijajizuia. Nyuma, Komando alikaa amejikunja, akisema mara kwa mara, "Turudi, Kipara. Turudi tuyamalize sisi wawili."

Wakaingia gereji moja ya kupiga rangi magari, nyuma ya maghala. Vijana wenye barakoa za rangi walikuwa wakigeuza pikipiki za bluu kuwa nyekundu. Walipomwona bi mkubwa mwenye rola kichwani anashuka garini, mabomba ya rangi yakazimwa moja baada ya jingine. Wakaanza kumfuata kwa nyuma, kundi zima.

Mwisho wa gereji kulikuwa na ofisi ya mbao. Komando akamshika Mama mkono mlangoni.

"Mama, chochote utakachokiona mle ndani, jua kwamba nilijaribu kukuepusha nacho."

"Usiniogopeshe bure. Nimezaa, nimezika. Bwana mmoja wa kiti ataniambia nini?"

Kipara akasukuma mlango.

Mwenyekiti alikuwa amewapa mgongo, simu sikioni, akiongea haraka na mtu wa upande wa pili. "Wanasafiri Jumamosi. Msichana wa kazi yuko likizo. Mlinzi wao ana mke mpya, huwa anatoroka. Mwanamke wa nyumba hiyo kaniambia mwenyewe nikiwa namsuka."

Mama alisimama palepale. Sauti ile aliifundisha yeye neno la kwanza.

Kiti kikazunguka. Alikuwa Msusi.

Mkoba ukamponyoka Mama. Katika nukta ile moja aliyaelewa yote, na kuelewa kuliuma kuliko panga lolote. Wanawake wa mji mzima huketi chini ya mikono ile myepesi, wanainamisha vichwa, wanasimulia safari zao, ugomvi wao, mbwa wao, walinzi wao. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kinaweza pia kukusuka. Na saluni ilivunjwa leo ili wanaonong'ona wafunge midomo. Mkwe hakuwa akimficha Mama asijue habari zake yeye, mume. Alikuwa amekubali kuubeba uovu wote peke yake, ili Mama asijue habari za mtoto.

Msusi alisimama. Rangi ilimtoka usoni. Hakumtazama mama yake, alimtazama Kipara.

"Nilikupigia nikakwambia huyu asiguswe."

"Ulisema." Kipara akaegemea mlango, akausogeza upande ili vijana wote wa gereji waone ndani vizuri. "Lakini sikuelewa ulisema kama mtoto au kama Mwenyekiti. Ndiyo maana nimemleta mbele ya wote, utuambie. Yule muuza maji alimtambua mwenzetu. Ukasema sheria ni sheria. Binamu yangu alimtambua mwenzetu. Nililia hapa hapa, kwenye sakafu hii, na ukaniambia Kamati haina ndugu. Huyu naye katutambua. Sasa tuambie, Mwenyekiti. Sheria ipo au haipo?"

 Vijana walivua barakoa zao, mmoja mmoja, wakimtazama yule dada aliyewazoesha kutii. Kama sheria haipo, hapana Mwenyekiti, na kama hapana Mwenyekiti, kila mmoja pale anajua kiti kile kitakaliwa na kipara gani, na kitamfanya nini aliyekikalia kabla yake.

Komando alitaka kwenda mbele. Wawili wakamshika mikono.

Msusi alimtazama mama yake kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini mkono wake wa kulia ulishuka taratibu, ukavuta droo ya meza, ukaingia ndani.

Mama akaufuata mkono ule kwa macho. Hakurudi nyuma. Alikuwa mzazi, na alikuwa na hofu, na hakuona aibu kwa lolote kati ya hayo.

"Mwanangu," akasema, "njia nzima nimekuwa nikipanga maneno ya kumwomba Mwenyekiti akuachie mume wako. Nilikuwa tayari kubaki hapa badala yake. Sasa niambie wewe. Nimwombe nani aniachie mtoto wangu?"

 Kipara aliacha kutabasamu. Na mkono wa Msusi ulikuwa bado ndani ya droo.